Jinsi ya kusoma chembe nyeupe za damu unapotafuta maambukizi

Karibu kila wiki naulizwa swali lile lile kwa sura tofauti: "WBC (yaani jumla ya chembe nyeupe) imetoka 13, nimwanzishie antibiotiki?" Anayeuliza huwa ameshika karatasi ya majibu, kidole kimeganda kwenye mstari wa kwanza. Mistari ya chini hajaifikia, na mara nyingi jibu liko huko.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa maabara, muuguzi, tabibu aliyeanza kazi juzi, na yeyote anayepokea karatasi hiyo na kutakiwa kuamua jambo. Kama karatasi ni yako wewe mgonjwa, soma ili umuulize daktari maswali ya maana. Usijiandikie dawa.

Nadharia nitakayokupa ni hii tu: chembe nyeupe hazitaji mdudu. Zinaonyesha kwamba mwili umeshtuka, umeshtuka kwa namna gani, na kama bado una askari wa kupeleka vitani. Jina la mdudu utalipata kwa kuotesha sampuli maabara, kwa darubini, au kwa kipimo chake maalumu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi nzima ya picha kamili ya damu. Namba moja uliyosomewa kwa simu haitoshi.
- Umri wa mgonjwa, na kama ni mjamzito au amejifungua karibuni.
- Orodha ya dawa: steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na kinga, kama prednisoloni), dawa za saratani, na hasa antibiotiki alizomeza nyumbani kabla ya kuja.
- Saa damu ilipotolewa na saa ilipopimwa.
- Majibu ya zamani ya mgonjwa huyo huyo, kama yapo.
- Viwango vya kawaida vya maabara iliyopima.
- Slaidi iliyotiwa rangi na darubini, au mtu wa maabara atakayekutazamia.
- Kikokotoo.

Viwango vinatofautiana kidogo kati ya maabara na maabara, lakini kwa mtu mzima hivi hapa vitakuongoza. Jumla ya chembe nyeupe ni 4 hadi 11. Ndani yake kuna aina tano: nutrofili 2 hadi 7.5, limfosaiti 1 hadi 4, monosaiti 0.2 hadi 0.8, eosinofili zisizidi 0.5, basofili zisizidi 0.1. Zote ni bilioni kwa lita moja ya damu. Ukizidisha mara 1,000 unapata idadi kwa mikrolita: 11 kwenye karatasi moja ni 11,000 kwenye nyingine, na watu wamewahi kushtuka bure kwa sababu hiyo.

Hatua ya 1: Ihoji damu kabla ya kuhoji majibu

Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau, na hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 mara tu inapotoka mkononi. Isiyopinduliwa huganda. Bonge likishajitengeneza hunasa seli ndani yake, na mashine huhesabu zilizobaki nje.

Nakumbuka sampuli ya mtoto mmoja iliyotoa WBC 1.9. Nilikuwa nimeshanyanyua simu kutoa taarifa ya hatari. Kitu kikaniambia nichokoe chupa kwanza kwa kijiti. Likatoka bonge dogo, jeusi kwa wekundu, linaning'inia kama kamasi. Tukachukua damu nyingine: 11.6. Tangu siku hiyo, WBC ya chini nisiyoitarajia huanza na kijiti.

Angalia pia muda. Slaidi itengenezwe ndani ya saa chache tangu damu itoke. Ikichelewa, nutrofili huanza kuvimba na kujaa vitundu, nawe utadhani unaona alama za maambukizi makali kumbe unaona uzee wa sampuli.

Hatua ya 2: Soma jumla, lakini usisimame hapo

Jumla iliyozidi 12 au iliyoshuka chini ya 4 iliingizwa mwaka 1992 katika vigezo vya mwili kuwaka kwa uvimbe, na bado inatajwa sana wodini. Mwaka 2016 tafsiri ya sepsisi, yaani maambukizi yanayohatarisha maisha, ilihamia kwenye viungo vinavyoanza kushindwa kazi: shinikizo la damu, fahamu, upumuaji, figo, ini, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda). Kwa hiyo mgonjwa mwenye WBC 8 anayepumua kwa kasi na kuchanganyikiwa bado ni wa hatari. Karatasi isikutulize.

Jambo moja la pembeni kwa wanaohesabu vimelea vya malaria kwenye slaidi nene: hesabu ile hukadiria kwamba kila mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita. Ukiwa na namba halisi ya mgonjwa wako, tumia hiyo.

Hatua ya 3: Geuza asilimia kuwa idadi

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Asilimia inasema nani ana sehemu kubwa ya keki. Haisemi keki ni kubwa kiasi gani. Hesabu ni rahisi: jumla zidisha kwa asilimia, gawanya kwa 100.

Chukua mgonjwa mwenye WBC 3.2, limfosaiti 62%, nutrofili 25%. Anayesoma asilimia peke yake ataandika "limfosaiti zimepanda, ni virusi" na kumruhusu aende nyumbani. Sasa piga hesabu. Limfosaiti: 3.2 × 62 ÷ 100 = 1.98, ya kawaida kabisa. Nutrofili: 3.2 × 25 ÷ 100 = 0.8, iko chini. Hakuna limfosaiti zilizopanda hapa. Kuna nutrofili zilizopungua, nazo ndizo za kutafutiwa sababu.

Mashine nyingi huandika idadi kamili pembeni ya asilimia, kwa alama # badala ya %. Soma safu ya #.

Onyo: nutrofili chini ya 0.5 pamoja na homa ni dharura, hasa kwa anayetumia dawa za saratani. Lengo ni antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Usitafute usaha wala wekundu kwanza. Usaha hutengenezwa na nutrofili, na huyu hana.

Hatua ya 4: Tazama nani amepanda na nani ametoweka

Nutrofili zikipanda, fikiria bakteria kwanza: nimonia, jipu, kidole tumbo, maambukizi ya figo. Fikiria tu, usihukumu. Hatua ya 6 itakuonyesha kwa nini.

Limfosaiti zikipanda, mara nyingi ni virusi. Mwasi mmoja umkumbuke: kifaduro. Ni bakteria, lakini kwa mtoto huweza kupandisha limfosaiti hadi juu sana, na anayefuata kanuni ya "limfosaiti ni virusi" humpita. Limfosaiti zikishuka nako kuna habari: VVU, surua, sepsisi, steroidi.

Monosaiti hupanda katika maambukizi ya muda mrefu kama kifua kikuu, na mara nyingi katika malaria. Peke yake ni alama dhaifu. Malaria yenyewe kwa kawaida haipandishi jumla. Utakuta WBC ya kawaida au ya chini na chembe sahani zilizoporomoka. Dengi nayo hushusha zote mbili.

Eosinofili ndizo ninazopenda zaidi, kwa sababu zinasema pande zote mbili. Zikipanda, tafuta minyoo inayopita ndani ya tishu: kichocho, safura, Strongyloides, matende, na askaris inapopitia mapafuni. Giardia na amiba zinazoishi utumboni kwa kawaida hazizipandishi. Mzio na dawa huzipandisha pia, basi uliza. Upande wa pili ni sifuri. Maambukizi makali ya bakteria hufagia eosinofili kwenye damu, na katika homa ya matumbo ni jambo la kawaida kuona WBC isiyopanda, au hata iliyoshuka, na eosinofili 0.00. Zinaporudi kuonekana baada ya siku kadhaa za matibabu, huwa ni dalili njema, wakati mwingine kabla homa haijatulia vizuri.

Hatua ya 5: Weka jicho kwenye slaidi

Mashine hupima ukubwa wa seli na jinsi inavyotawanya mwanga. Haijui sura. Kama una darubini na hujaitumia, bado hujamaliza kusoma.

Anza na lenzi ya 10 uone mtawanyiko. Tafuta sehemu ambapo chembe nyekundu zinagusana kwa shida, hazijalaliana wala hazijaachana mbali. Usihesabu kwenye kingo wala mkiani: seli kubwa, yaani nutrofili na monosaiti, hukimbilia huko na kukudanganya. Weka tone la mafuta, hamia lenzi ya 100, kisha tembea kwa kupanda na kushuka, ukihesabu seli 100. Kama jumla ni kubwa, hesabu 200.

Unatafuta mambo manne.

Kwanza, nutrofili changa. Iliyokomaa ina kiini kilichogawanyika vipande viwili hadi vitano, vimeunganishwa kwa uzi mwembamba. Changa ina kiini kama utepe uliokunjwa, kama herufi U, bila uzi. Zikizidi 10%, uboho unamwaga ghalani askari wasiomaliza mafunzo. Wenye kazi huita hali hii kuhamia kushoto, kwa sababu kwenye majedwali ya zamani seli changa ziliandikwa safu ya kushoto. Kwangu mimi WBC 7 yenye 20% za utepe inatisha kuliko WBC 14 isiyo na hata moja.

Pili, punje nzito. Nutrofili tulivu ina punje hafifu, karibu huzioni. Iliyotolewa kwa haraka hujaa punje za zambarau iliyokolea, kana kwamba mtu amenyunyiza unga wa wino. Kama seli zote ziko hivyo pamoja na limfosaiti, shuku rangi yako kabla ya kumshuku mgonjwa.

Tatu, mabaka ya buluu hafifu pembezoni mwa seli, yaitwayo miili ya Döhle, na vitundu vyeupe vilivyotobolewa kwenye saitoplazimu. Vitundu kwenye damu mbichi vina uzito. Kwenye damu iliyolala usiku kucha havina.

Nne, limfosaiti kubwa zenye saitoplazimu ya buluu inayokumbatia chembe nyekundu zilizo jirani. Hizo ni limfosaiti zilizoamshwa, na kijana mwenye koo jekundu na tezi za shingo akiwa nazo nyingi, fikiria virusi vya Epstein-Barr.

Na ukiwa hapo hapo, angalia ndani ya chembe nyekundu. Nimeshaona malaria ikigunduliwa na mtu aliyekuwa anatafuta nutrofili.

Hatua ya 6: Ondoa visingizio

Kabla ya kuandika "maambukizi," pitia orodha hii kichwani:

- Steroidi. Dozi moja hupandisha nutrofili ndani ya saa chache kwa kuzibandua zile zilizokuwa zimeng'ang'ania kuta za mishipa. Eosinofili na limfosaiti hushuka. Mara nyingi seli changa hazionekani kwa wingi, na hiyo ndiyo njia mojawapo ya kutofautisha.
- Ujauzito. WBC ya 15 ni ya kawaida kwa wengi, na wakati wa uchungu inaweza kupita 20.
- Degedege, mazoezi makali, maumivu, upasuaji, kuungua, shambulio la moyo.
- Uvutaji sigara, na kuondolewa wengu. Hawa hukaa juu kidogo miaka yote.
- Umri. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa na WBC ya 20 au hata 30 akiwa mzima. Baada ya wiki za mwanzo limfosaiti hutawala hadi mtoto afikie miaka 4 au 5. Ukimpima kwa viwango vya mtu mzima, kila mtoto atakuwa na "virusi."

Hatua ya 7: Alama za uso wa seli, kama unazo

Sehemu nyingi hazina vipimo hivi, na unaweza kufanya kazi nzuri bila hivyo. Lakini maswali yanakuja, basi kwa ufupi.

CD64 ni kipokezi kwenye uso wa seli. Nutrofili iliyotulia huwa nayo kidogo sana. Ikipata ishara za maambukizi, huongezeka ndani ya saa chache. Hupimwa kwa flosaitometri: seli hupakwa kingamwili zenye rangi ing'aayo, kisha hupita moja moja mbele ya leza. Uzuri wake ni kwamba sampuli hubeba mizani yake yenyewe. Monosaiti huwa na CD64 nyingi daima, limfosaiti hazina, na nutrofili husomwa katikati ya hizo mbili. Hupanda zaidi kwa bakteria, ila baadhi ya virusi nazo huipandisha, na dawa ya kuchochea nutrofili huipandisha bila maambukizi yoyote.

HLA-DR kwenye monosaiti huenda kinyume: ikishuka sana kwa mgonjwa mahututi, kinga imechoka na yuko hatarini kupata maambukizi mapya. Sampuli yake isafirishwe kwenye barafu, la sivyo kipimo kitapanda kikiwa ndani ya chupa.

Baadhi ya mashine za damu sasa huandika MDW, yaani monosaiti zinatofautiana ukubwa kiasi gani. Kwa mtu mzima anayefika idara ya dharura, zaidi ya 20 huongeza shaka ya sepsisi. Mpaka huo ni wa chupa ya K2 EDTA. Ukibadilisha aina ya chupa, mpaka nao hubadilika.

Hatua ya 8: Chukua vya kuotesha, kisha rudia

Ukiamua kuna uwezekano wa bakteria, chukua damu ya kuotesha kabla ya antibiotiki, mradi kufanya hivyo kusimcheleweshe mgonjwa aliye hoi. Pima malaria pale inapohusika.

Rudia picha ya damu baada ya saa 12 hadi 24 kama bado una shaka. Nutrofili huishi saa chache tu kwenye damu, kwa hiyo picha hubadilika haraka. Namba mbili zenye mwelekeo zinakusaidia kuliko moja iliyo kubwa. 18 ikishuka hadi 13 ni habari njema. 18 ikishuka hadi 2.5 huku mgonjwa anazidi kulegea ni habari mbaya mno, maana uboho umeishiwa.

Kama dalili ziko mahali pamoja, pima mahali hapo

Chembe nyeupe za kwenye damu zinazungumza kwa mbali. Maji ya uti wa mgongo ya mtu mzima hayatakiwi kuzidi chembe nyeupe 5 kwa mikrolita. Nutrofili zikitawala fikiria bakteria, limfosaiti zikitawala fikiria virusi au kifua kikuu. Maji ya tumboni kwa mgonjwa wa ini yakiwa na nutrofili 250 au zaidi kwa mikrolita, anatibiwa bila kusubiri majibu ya kuotesha. Kwenye mkojo, kijiti cha rangi hunasa kimeng'enya cha nutrofili, ila mkojo uliochanganyika na uchafu wa ukeni hutoa jibu la uongo.

Mambo yakigoma

*Mashine inasema 14.8, slaidi inaonekana tupu.* Tafuta chembe nyekundu changa zenye kiini. Mashine nyingine huzihesabu kama nyeupe, na kwa wagonjwa wa selimundu na watoto wachanga hutokea sana. Sahihisha: WBC zidisha kwa 100, gawanya kwa 100 jumlisha idadi ya hizo changa ulizoziona wakati unahesabu nyeupe 100. Ukiona 40, basi 14.8 × 100 ÷ 140 = 10.6. Chembe sahani zilizoshikamana kwa mafungu nazo huleta kosa hili.

*Mtu mzima wa afya, nutrofili 1.3, kila mwaka hivyo hivyo.* Watu wengi wenye asili ya Afrika wana damu isiyo na alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na nutrofili zao hukaa chini bila kuwazidishia maambukizi. Majibu ya zamani ndiyo yatakayomwokoa na vipimo visivyo na kichwa wala miguu. Kumbuka tu kwamba mtu huyo akifika 8, kwake ni mpando mkubwa ingawa mashine haitaweka nyota ya onyo.

*WBC 60.* Maambukizi makali yanaweza kufika huko, na saratani ya damu pia. Slaidi ndiyo itakayoamua uelekeo: punje nzito na miili ya Döhle huvuta upande wa maambukizi, seli changa kabisa zenye viini vikubwa na saitoplazimu kidogo zinataka daktari wa damu leo hii.

*Eosinofili 2.4, choo hakina kitu.* Choo kimoja hakitoshi. Rudia siku tofauti. Strongyloides hutoa mabuu machache sana, na minyoo iliyo safarini kwenye tishu bado haijaanza kutaga. Usimpe steroidi kabla hujaifikiria Strongyloides. Huweza kulipuka mwili mzima na kuua, na wakati huo eosinofili zinaweza kuwa zimeshatoweka.

*Siku ya nne ya antibiotiki, WBC bado 17.* Uliza maswali manne kwa mpangilio huu: dawa inampata kweli? Kuna usaha uliojificha unaohitaji kufunguliwa? Anatumia steroidi? Na je, ugonjwa ulikuwa wa bakteria tangu mwanzo? Kubadilisha antibiotiki kabla ya kujibu la pili ndilo kosa ninaloliona zaidi. Gusa tumbo, kagua makalio yaliyochomwa sindano, piga picha ya kifua upya, kisha ndiyo urudi kwenye karatasi.